Maswali na Majibu: Kisu cha Tupa Kuukuu

SWALI: Nilichukua tupa kuukuu, nikailainisha kwenye makaa, kisha nikachonga kisu kwa tupa nyingine huku nikiacha alama za meno ya zamani kwenye mgongo, kwa kuwa zilinipendeza. Nilipomaliza nilikipasha moto hadi kikawa chekundu sana, nikakichovya katika maji baridi. Kililia “tik” ndani ya ndoo. Kesho yake kilianguka sakafuni kikakatika vipande viwili. Cha pili nilikitengeneza kwa kipande cha nondo. Hicho hakivunjiki, lakini nikikatia vitunguu viwili tu makali yanalala. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, visu vyako viwili vimeharibika kwa sababu mbili zisizofanana, na tuanze na ile iliyo nyepesi. Chuma huwa kigumu kwa moto na kuchovywa pale tu kinapokuwa na kaboni ya kutosha. Chuma laini kina kaboni isiyofika asilimia 0.3, na nondo yako imeonyesha tabia hiyo hiyo, kwa hiyo hata ungeichovya mara kumi isingebadilika. Tupa nzuri ina kaboni ya asilimia 1 au zaidi, na ndiyo maana hutafutwa na wachonga visu.

Hata hivyo, si kila tupa ni chuma kigumu hadi ndani, kwani zipo za bei rahisi zilizotiwa ugumu juujuu tu. Kabla ya kupoteza siku mbili za kazi, kata kipande kidogo, kipashe moto, kichovye, halafu pitisha juu yake tupa iliyo kali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kipande kimeshika ugumu. Kisha kifunge kwa kitambaa kinene, vaa miwani ya kazi, ukivunje kwa nyundo na utazame palipovunjika. Chembe laini za kijivu zisizometameta ni dalili njema. Chembe kubwa zinazong’aa kama sukari zinaonyesha kwamba moto ulizidi. Ninashuku kwamba ukitazama kisu chako kilichokatika utaona sukari hiyo, maana “chekundu sana” ni kipimo kinachodanganya jicho, hasa mchana.

Tumia sumaku badala ya kubahatisha. Chuma kikifika kiasi cha nyuzi 770 za selsiasi huacha kushikwa na sumaku. Pasha kisu taratibu kivulini, ukikigusisha sumaku mara kwa mara, na kikiacha kuvutwa kiongezee moto kidogo tu, hadi rangi iwe sawa kuanzia ncha hadi karibu na msuka, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini, kisha kichovye mara moja. Usichovye katika maji. Ni kweli kwamba tupa zenyewe huchovywa katika maji ya chumvi kiwandani, lakini bapa la kisu ni jembamba na hupoa kwa mshtuko mkubwa mno. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60 yanatosha, katika chombo cha chuma chenye kifuniko cha kuzimia moto yakiwaka. Tanguliza ncha, shusha wima, wala usikiyumbishe kisu upande upande, kwa maana kitapinda.

Zile alama za meno ulizozipenda, nakusihi uziondoe zote kabla ya kurudi kwenye moto. Kila mfereji wa jino ni mahali ambapo ufa huanzia, na mlio ule wa “tik” ulikuwa ufa unaozaliwa. Vivyo hivyo kona kali pale msuka unapokutana na bapa: izungushe kwa tupa ya mviringo. Acha makali yakiwa na unene wa kiasi cha milimita 1, utayamalizia baadaye, na toboa mashimo ya mpini chuma kingali laini.

Hatua ambayo barua yako haikuitaja kabisa ndiyo iliyokivunja kisu sakafuni. Kisu kilichotoka kuchovywa ni kigumu kama kioo na huvunjika kama kioo, kwa hiyo lazima kipunguziwe ugumu siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho. Kisugue kwa msasa hadi king’ae, kisha kiweke katika oveni yenye nyuzi 200 kwa saa mbili, kiache kipoe, na urudie mara ya pili. Rangi ya nyasi kavu itatanda juu ya chuma. Ukiona zambarau au buluu kwenye makali, joto limepita kiasi na makali hayatadumu.

SWALI: Nina springi bapa ya gari na msumeno wa mbao wa zamani. Sina tanuri wala mashine. Nianze na kipi?

JIBU: Anza na msumeno. Springi ni chuma kizuri chenye kaboni karibu asilimia 0.6, lakini ni nene, imejikunja, na iliyotumika miaka mingi huweza kuwa na nyufa zisizoonekana. Kuipunguza kwa tupa ya mkono ni kazi ya siku nyingi. Msumeno wa zamani, ule ambao meno yake hunolewa kwa tupa, una ugumu ambao tupa inaumudu, kwa hiyo unaweza kuuchonga bila moto wowote. Misumeno ya kisasa yenye meno meusi yaliyounguzwa haifai kwa meno yale, ila bapa lililobaki linafaa. Bana bapa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, sukuma tupa kwa mbele tu, na lowesha chuma kikianza kuchoma vidole. Makali yake hayatakuwa magumu kama ya tupa, lakini kisu hicho kikianguka sakafuni utakiokota kikiwa kizima.