Dampo linakuja mtaani kwetu, tufanyeje?

Pole sana, dada. Umesema mtendaji amewaambia dampo "limeshapitishwa" na halmashauri, na lori la vipimo limeshafika. Usikate tamaa. Kupitishwa kwenye baraza la madiwani si mwisho wa safari. Mradi wa namna hiyo unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Andikeni barua NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira Tanzania, mkiulizia hilo, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mgongewe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana ushahidi.

Halafu angalieni sana karatasi za mahudhurio. Kwetu tulisaini tukidhani ni za mkutano tu, baadaye zikaambatishwa kama ridhaa ya wananchi. Siku hizi naandika juu kabisa, kwa kalamu: "mahudhurio, si ridhaa".

Pigeni picha sasa: kisima, mfereji, umbali hadi shule. Masika yakija, maji meusi ya taka hufuata mteremko, na nyie mko bondeni. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi kwenye maelezo yako.

Wakiwapuuza, mahakama ipo. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliokuwa na dampo mtaani kwao, waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 na wakashinda. Ila baadaye dampo likahamia Vingunguti, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, kwa hiyo ombeni pia waseme taka zitapelekwa wapi.