GPS imechomekwa kwenye laptopu, lakini nukta haitembei kwenye ramani

Swali

Jambo yaya. Sisi ni vijana wa Ndosho hapa Goma. Tunaandika robine zote za maji za umma za kartie yetu na za Katoyi ili ziingie kwenye ramani. Nina laptopu ya Windows 10 yenye QGIS (programu ya ramani), kipokezi kidogo cha GPS cha USB tulichonunua Birere, na GPS ya mkononi, Garmin eTrex 20, tuliyoazimwa. Nataka nikiwa garini nione nukta yangu ikitembea juu ya ramani. Garmin nikiichomeka inageuka flashi tu. Kile kidogo, QGIS inakitafuta na kukikosa, halafu kishale cha maus kinaanza kurukaruka chenyewe na kufungua madirisha. Siku moja nilifaulu kuziona namba zake, nikazinakili kwenye Excel, lakini nukta zote ziliangukia huko kwenye volkano ya Nyamulagira. Kosa liko wapi?

Jibu

Jambo mdogo wangu. Una matatizo matatu tofauti yaliyokujia siku moja, na QGIS haihusiki na hata moja. Kazi mnayoifanya naijali sana. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava kuharibu mfumo wa maji, tuliona wote mji unavyohangaika pale maji yanapokatika na hakuna ajuaye vizuri robine ipi iko wapi. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Tuanze na Garmin, maana jibu lake ni fupi. Ukiichomeka kwa USB inafanya kazi kama flashi ili uchukue mafaili yake, na wakati huo haitumi mahali ilipo. Kwenye eTrex 20 nenda kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya "Interface", uchague "Spanner". Ukiichomeka tena itakuuliza kama unataka igeuke flashi, kataa. Kwenye Windows utahitaji pia kuweka programu ya Garmin inayoitwa Spanner, ambayo inatengeneza poti ya bandia, yaani mlango wa kupitishia data. Inawezekana, lakini mimi nisingejisumbua. Iacheni Garmin mkononi mwa anayetembea kwa miguu, ipige nukta na kuzihifadhi, na kipokezi kidogo kibaki cha laptopu.

Sasa hicho kidogo. Kabla ya kufungua ramani yoyote, sikiliza kwanza kinasema nini. Vipokezi karibu vyote vya namna hii vinatuma maandishi ya kawaida kila sekunde, kwa lugha inayoitwa NMEA 0183. Ni mistari inayoanza na alama ya dola, na wewe mwenyewe unaweza kuisoma kwa macho. Mtu akiniletea GPS "iliyokufa", hatua yangu ya kwanza ni hiyo, na mara nyingi naikuta inasema vizuri kabisa ila hakuna anayeisikiliza mahali panapofaa.

Bofya kitufe cha kulia juu ya alama ya Windows, ufungue "Gestionnaire de périphériques", maana najua laptopu nyingi za hapa kwetu ziko kwa Kifaransa. Tafuta "Ports (COM et LPT)". Chomeka kipokezi uone namba gani imeongezeka: COM3, COM5, au nyingine. Iandike kwenye karatasi, na kuanzia siku hiyo tumia tundu lilelile la USB, kwa sababu ukibadilisha tundu namba nayo inaweza kubadilika. Ukiona alama ya njano na maneno "code 10", angalia kama ndani kuna chipu ya PL2303. Zile za zamani na zile za kuiga zinakataliwa na draiva mpya (draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa). Ukirudisha draiva ya zamani, mara nyingi inakubali.

Hapohapo utamkuta yule anayekurushia kishale. Windows ikiona kitu kinatuma data kwenye poti ya serie tangu mwanzo, inaweza kudhani kuwa ni maus ya zamani sana, zile za kabla ya USB. Kila mstari wa GPS inausoma kama amri ya kusogea na kubofya. Tazama kwenye kundi la "Souris", utaona kifaa kinaitwa "Microsoft Serial BallPoint". Kizime kwa kuchagua "Désactiver". Usikifute, maana ukikifuta kitarudi utakapowasha tena. Ndugu, kosa hili limewafanya watu wengi wapeleke laptopu kwa fundi wakidhani ina virusi.

Sasa sikiliza. Weka PuTTY, ni programu ndogo ya bure. Chagua "Serial", andika namba ya poti, na kwenye mwendo ("Speed") andika 4800. Ukiona alama za ajabu zisizosomeka, jaribu 9600. Huo ni mwendo wa mazungumzo kati ya vifaa viwili: visipoenda sawa, utapata uchafu tu. Vipokezi vyenye USB ndani ya chipu yenyewe, kama vingi vya kampuni ya u-blox, havijali namba hiyo. Mimi sijui ndani ya chako kuna nini, basi jaribu zote mbili.

Mstari wa kuangalia ni ule wenye GGA. Ukianza na $GPGGA, kipokezi kinatumia GPS ya Marekani peke yake. $GNGGA ni kwamba kimechanganya na nyingine, kama GLONASS ya Urusi. Ndani yake, ukiwa hapa mjini, utaona kitu kama hiki:

083012.00,0140.2500,S,02913.3000,E,1,08,1.1

Ya kwanza ni saa, lakini ni saa ya dunia. Hapa Goma tunaongeza mbili, kwa hiyo ni saa nne na nusu asubuhi na sekunde 12. Tukiziruka kwanza namba za mahali penyewe, ile 1 inayofuata herufi E ndiyo muhimu kuliko zote. Ikiwa 0, kipokezi hakijui kilipo, na kila unachoona kwenye ramani ni cha zamani au hakipo. 08 ni setilaiti nane zinazotumika. Pungufu ya nne huwezi kupata mahali pamoja na urefu kutoka usawa wa bahari. 1.1 inaonyesha jinsi setilaiti zilivyotawanyika angani, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo ilivyo nzuri. Mimi nikiona imepita 3 nasubiri.

Hapa ndipo nukta zako zilipotorokea Nyamulagira, na naomba usome taratibu, kwa sababu kosa hili ndilo linaloniumiza zaidi. 0140.25 haimaanishi digrii 1.4025. Ni digrii 1 na dakika 40.25, na digrii moja ina dakika 60. Gawanya 40.25 kwa 60, unapata 0.6708, kwa hiyo uko kwenye digrii 1.6708 kusini. Vivyo hivyo 02913.30 ni digrii 29 na dakika 13.30, yaani 29.2217 mashariki. Wewe uliandika 1.4025 na 29.1330. Hesabu mwenyewe: umesogea karibu kilomita 30 kaskazini na karibu 10 magharibi, umefika ubavuni mwa mlima. Kusini inahitaji pia alama ya kutoa mbele, -1.6708, la sivyo utajikuta upande wa pili wa ikweta. Niliwahi kupewa orodha ya robine zaidi ya mia moja yenye kosa hilohilo. Ilikuwa imeshatumwa kwa watu wa kutengeneza mabomba, na ilibidi vijana waliozipita zote kwa miguu warudi kuzihakikisha. Kipindupindu kikiingia kwenye kartie, hakuna muda wa kurudi. QGIS yenyewe inafanya hesabu hiyo bila kukosea, basi acha ifanye, usinakili kwa mkono. Na Excel ya Kifaransa inataka mkato mahali pa nukta ya desimali, jambo linaloweza kuharibu hata namba zilizokuwa sahihi.

Kama ile namba inabaki 0, toka nje. Usijaribu chini ya mabati. Kipokezi kipya, au kilichosafiri mbali kikiwa kimezimwa, kinaweza kuhitaji kupokea upya ratiba ya setilaiti zote, na ratiba nzima inatumwa kwa dakika 12 na nusu. Kiweke juu ya ukuta wa mawe, anga wazi, msikiguse, mpige hadithi robo saa. Siku inayofuata kitashika kwa muda mfupi zaidi. Garini kiwe juu ya paa au nyuma ya kioo cha mbele. Waya wa kuongeza usizidi mita 5, maana USB ya kawaida inaanza kukatika.

Ukishaona 1, funga PuTTY. Narudia, ifunge. Kwenye Windows poti moja inakubali programu moja tu kwa wakati mmoja, na PuTTY ikibaki wazi QGIS itakuambia haioni kitu. Fungua QGIS, menyu ya "Vue", kisha "Panneaux", uchague paneli ya GPS. Kuna njia ya mkato ya Ctrl na 0, ila kwenye kibodi zetu za AZERTY sifuri inataka Shift, basi pitia menyu. Usiiache itafute yenyewe: chagua poti ya serie, weka namba uliyoandika, unganisha. Katika matoleo mapya uchaguzi huo umehamia kwenye "Options", sehemu ya GPS. Washa na ile ya kufanya ramani ifuate nukta, la sivyo gari litatoka nje ya kioo cha laptopu ukiwa bado unaangalia Ndosho.

Mkifungua leya (tabaka) ya robine, iwe ya EPSG:4326, yaani namba ya mfumo wa digrii unaotumiwa na GPS. Mkitaka mita kwa ajili ya kupima umbali, tumieni UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita: Goma na Bukavu ziko kwenye kanda ya 35 kusini, EPSG:32735. Mkialikwa Butembo siku moja, kumbukeni mmevuka ikweta: hapo ni 32635. Ramani za zamani za wakati wa Wabelgiji hazikuchorwa kwa WGS 84, yaani kipimo cha umbo la dunia kinachotumiwa na GPS, kwa hiyo msishangae zikipishana na nukta zenu.

Jambo la mwisho ni ramani ya chini, ile ya barabara inayokaa chini ya nukta zenu, kwa sababu barabarani intaneti itawaangusha. Msijaribu kupakua picha za OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, kwa wingi kutoka kwenye seva yao. Hairuhusiwi na watawafungia. Chukueni data yenyewe kwenye tovuti ya Geofabrik, faili la Kongo, mkiwa kwenye wifi nzuri, mkate sehemu ya Goma tu. Itakuwa nyepesi na itafanya kazi bila mtandao wowote.

Kabla ya kuanza robine, simameni kwenye rond-point ya Chukudu, dakika tano, laptopu ikiwa wazi. Nukta ikikaa ndani ya mita 3 hadi 5 za mahali mliposimama, endeleeni. Kwa upungufu huo, robine mbili zinazotazamana kuvuka avenyu zinaweza kubadilishana upande, kwa hiyo kwa kila moja andikeni pia iko mkono gani ukitokea barabara kubwa. Na mkiingia kwenye kila avenyu, mpitieni shefu wake kwanza mumwonyeshe kifaa na laptopu, ajue mnafanya nini kabla hajaulizwa na wengine.