Kwa walimu wapya wa sanaa: bango la rangi lishusheni

Wadogo zangu mliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, karibuni tena. Muhula huu nimekaa nyuma ya vipindi vyenu na fomu ya tathmini mkononi, na karibu kila kipindi cha kuchambua picha kinakwenda vilevile. Jedwali la safu saba ubaoni: mstari, umbo, fomu (umbo lenye ujazo), rangi, toni (weusi na weupe wa rangi), tekstura (mguso wa uso wa picha), nafasi. Picha inabandikwa, wanafunzi wanajaza. "Mstari: upo wa wima na wa ulalo." "Rangi: bluu, inaonyesha huzuni." Kengele inalia. Hakuna aliyeitazama picha, mwalimu akiwemo.

Haya ninayoyaandika nimeyapa namba ili myanakili haraka kwenye andalio la somo, kwa maana najua mnaandaa usiku wa manane.

1. Dakika za mwanzo ni za kutaja vitu tu: kiti, taulo, dirisha. Atakayetaja hisia au maana, mwambie zamu yake bado.

2. Vipimo vya picha viandikwe ubaoni mapema. Kwenye projekta picha zote zina ukubwa mmoja, wakati Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53 na Guernica ya Picasso, ile ya mwaka 1937, ni mita 3.49 kwa 7.77. Ukuta wa darasa letu hauitoshi. Kuna mwaka niliwatoa Kidato cha Tatu nje na futi kamba, wakaichora fremu yake kwa kijiti kwenye mchanga wa uwanja, wakawa wanasimama ndani: wewe farasi, wewe fahali, wewe mama mwenye mtoto aliyekufa. Kijana mrefu kuliko wote akajilaza, miguu kwenye ukingo wa chini, na kichwa kikaishia katikati ya picha. Mkuu wa shule akatoka ofisini mbiombio, akiamini wamekuja kupima msingi wa ile maabara tuliyoahidiwa. Alipoambiwa ni Picasso, akarudi ndani bila kusema neno. Lakini wale watoto hadi leo ukiwauliza kuhusu uwiano na nafasi, hawaanzi kwa fasili.

3. Rangi. Hapa mnivumilie, maana dhambi hii ni yangu kabla haijawa yenu.

Nilipoanza kazi nilikuwa na bango la manila: RANGI NA MAANA ZAKE. Nyekundu hasira, njano furaha, bluu huzuni, nyeupe usafi. Nililiandika kwa rula, nikalipamba pembeni kwa maua. Na picha niliyoipenda kufundishia ilikuwa Chumba cha Kulala cha Vincent van Gogh, aliyoichora Oktoba 1888 akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa. Ina vitu vichache na mistari yake iko wazi, hata mwanafunzi wa mwisho darasani hakosi la kusema. Kuta zake ni bluu. Nami nilijua, kama wote tunavyojua, kwamba yule bwana alijikata sikio. Hesabu ikawa nyepesi: kuta za bluu, mchoraji mwenye mateso, jibu ni huzuni na upweke. Nikawaandikisha. Kwenye mtihani wakanirudishia neno kwa neno, nikajiona nimefundisha.

Isipokuwa binti mmoja. Yeye aliandika kwamba mbao za kitanda ni nene na nzito, kwamba kimejaa upande wote wa kulia, kwamba chini ya viti hakuna kivuli hata kimoja, na kwamba chumba kile kinamtia usingizi. "Mtu akiingia hapa anapumzika," akamaliza. Nikamwekea kosa kubwa kwa kalamu nyekundu, alama mbili kwa kumi, na pembeni nikaandika: Soma bango!

Baadaye sana, nikitafuta nakala kubwa zaidi ya kubandika, nikakutana na maelezo ya barua ambayo Van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo kuhusu picha hiyohiyo. Alitaka rangi ndizo zifanye kazi yote, zilete wazo la mapumziko, la usingizi. Uzito wa samani nao useme utulivu. Vivuli aliviondoa makusudi, akapaka rangi bapa kama kwenye picha za kuchapwa za Kijapani. Kisha akataja kuta: zambarau hafifu. Nikaitazama tena picha yangu. Bluu. Nikasoma zaidi, nikakuta watafiti wameichunguza rangi yenyewe: ile nyekundu aliyochanganya haikuhimili mwanga, ikafifia, bluu ikabaki peke yake. Huzuni niliyokuwa nikiwaandikisha watoto wa watu ilikuwa rangi iliyopauka! Hata kile kitanda cha njano kilikuwa kimewekwa mbele ya zambarau, rangi yake pinzani, yaani iliyo mkabala nayo kwenye duara la rangi, na mimi ule mvutano sikuuona kabisa. Tena mwezi ule Van Gogh alikuwa na matumaini yake, anamsubiri mchoraji mwenzake Gauguin aje wakae na kuchora pamoja. Mkasa wa sikio ulikuja Desemba.

Binti yule hakuwa amesoma barua yoyote. Alikuwa na macho tu, na uzito wa mistari, na vivuli visivyokuwepo.

Nikaenda kutoa mitihani yake iliyofuata kabatini, na hapo ndipo niliposhikwa na aibu hasa. Kwenye kila picha ya bluu aliandika huzuni, kwenye kila nyekundu hasira, na mimi nikampa alama zote na neno "Vizuri sana". Alikuwa ameshajifunza kwangu kwamba anachokiona hakina faida.

Nikalishusha bango mbele ya darasa na kuwaeleza. Kimya, halafu yule binti akanyoosha mkono: "Kwa hiyo madamu, zile alama zangu nane?" Nikamrudishia. Darasa likacheka wiki nzima.

Basi nikiwaona mnabandika mabango yenu ya rangi, mengine yamechapwa kabisa na kuwekewa plastiki, msinione nina roho mbaya. Muulizeni mwanafunzi rangi imekaa jirani na ipi, imefanya nini ikiwa hapo, na je, rangi hii ndiyo iliyotoka mkononi mwa mchoraji. Maana ije mwisho, na ije na ushahidi wake.

4. Toni: piga picha ya nakala kwa simu, igeuze nyeusi na nyeupe, wape wakodoe macho.

5. Tekstura haifundishwi kwa fotokopi. Nimesoma daftari limeandikwa "tekstura ni laini" kuhusu Usiku wa Nyota ya Van Gogh, picha ambayo rangi yake imevimba mpaka unaweza kufuata njia ya brashi. Alichogusa mtoto ni karatasi. Leteni picha halisi ya Tingatinga darasani. Edward Saidi Tingatinga alianza na hadibodi na rangi za kung'aa za baiskeli, na ule mng'ao lazima uuone kwa pembeni, dirisha likiwa wazi. Na msiwaambie kwamba chui aliyejaa ubao mzima "hana nafasi" kwa sababu hakuna perspektivu, ile mbinu ya kuonyesha umbali. Nafasi ipo, imejazwa kwa makusudi, na mtoto aeleze ilivyojazwa.

6. Insha haihitaji elementi zote saba. Tatu zinazoibeba picha zinatosha, mradi aseme kwa nini kachagua hizo.

Kesho mna picha ya Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi: yule mtumishi anayemimina maziwa. Aproni yake ni bluu, nawaonya mapema. Bluu ile ilisagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli, lililosafirishwa kutoka Afghanistan, na ilikuwa ghali mno. Kumvalisha mtumishi wa jikoni rangi hiyo ni jambo la kujadiliwa kipindi kizima. Waanze na ukuta mweupe ulio nyuma yake, watafute msumari uliopigwa pale na kivuli chake. Atakayeandika "bluu ni huzuni" ubaoni kabla msumari haujaonekana, chai ya saa nne ya idara nzima atalipa yeye, na vitumbua.