Uliniuliza kama mtuhumiwa apigwe

Kamwene mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unaingia kazi ya upolisi, na wenzako wanakwambia mwizi hasemi bila kipigo. Ukaniuliza: kama kumtesa mmoja kunamwokoa mtoto aliyetekwa, ubaya uko wapi?

Ubaya upo, nami niliuona nikiwa karani wa mahakama hapa Iringa. Mshtakiwa wa mauaji aliyakana maelezo yake ya polisi, ikafunguliwa kesi ndani ya kesi, maana upande wa mashtaka ndio unaotakiwa kuthibitisha kwamba mtu alikiri kwa hiari. Kijana yule akavua kandambili, akainua mguu, akamwonyesha jaji wayo. Makovu yalikaa mistari mistari. Katika maelezo alikiri kuua kwa kisu; daktari alikuwa ameandika kwamba marehemu alipigwa kichwani na kitu butu, na jeraha la kisu halikuwepo. Kijana alisema walichotaka kukisikia, basi.

Mambo haya hayakuanza jana. Enzi za Mjerumani kiboko kilikuwa adhabu halali, hadi fimbo 25 kwa mara moja, na idadi ya waliochapwa ikiandikwa kwenye taarifa za serikali kama mavuno ya pamba.

Wala tusimsingizie mkoloni peke yake. Mwaka 1976, kule Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa wauaji wa vikongwe waliteswa, na wengine wakafia mikononi mwa waliowahoji. Waliowahoji walikuwa Watanzania wenzao. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa mtu, lakini mwaka 1977 alijiuzulu kwa sababu yalitendeka chini yake. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa miaka yake yote ya urais.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa. Ila Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso, wa mwaka 1984, nchi yetu haijauridhia, na hilo linaniuma sana.

Sasa huyo mtoto aliyetekwa. Anayeteswa anatafuta kitu kimoja tu, maumivu yakome. Atakutajia nyumba yoyote, hata ya jirani asiyehusika. Mtapanda gari, mtavunja mlango, mtakuta familia inakula ugali. Mtarudi kumpiga tena, naye atataja nyumba nyingine, na muda wote huo hakuna anayemtafuta mtoto.

Baba yako