Wa akiba kashinda 11, je namba moja alikuwa anabebwa?

SWALI: Habari za kazi. Mi na shemeji yangu tunaangaliaga futiboli ya Kimarekani kwenye simu usiku wa manane, sasa hapa hatuelewani kabisa. Yeye anasema kwotabeki Tom Brady, yule mrusha pasi mkuu, alibebwa na timu yake ya New England, maana 2008 aliumia goti mechi ya kwanza tu, akaingia kwotabeki wa akiba Matt Cassel na bado timu ikashinda 11 ikafungwa 5. Ana hoja kweli? Msomaji, Igoma, Mwanza.

JIBU: Ana nusu hoja. Timu ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi, ila 2007 Brady alishinda zote 16 za msimu wa kawaida, kabla ya mtoano, na hizo 11 za 2008 hazikuwafikisha hata mtoano. Afu ushindi ni wa timu nzima bwana, hata pale CCM Kirumba utasikia kipa wa akiba anasifiwa kwa klinishiti wakati mechi nzima hajapigiwa shuti la maana.

Uzuri wa kesi yenu ni kwamba kocha ni yuleyule Belichick na wadakaji ni walewale, Moss na Welker, kwa hiyo unaweza kuwapima kwenye kazi moja. Brady 2007 alirusha pasi 50 za tachidauni, yaani zilizozaa pointi, na pasi zake 8 zikanaswa na wapinzani. Cassel 21, zilizonaswa 11. Kila pasi ya Brady ilileta wastani wa yadi 8.3, ya Cassel 7.2, na hao ni watu wanaorusha zaidi ya mara 500 kwa msimu.

Mi namba inayonimaliza ni ya kuangushwa na mpira mkononi: Brady mara 21, Cassel 47! Watu wanalaumu wakingaji, lakini angalia marudio, Brady anapokea mpira anajua tayari unaenda wapi, umeshatoka, Cassel anamtazama wa kwanza, kabanwa, anageuka kumtafuta wa pili na hapo jamaa wa kilo 130 kashafika kifuani. Ila tumwonee huruma kidogo, toka sekondari hakuwahi kuanza mechi hata moja kama kwotabeki, chuoni alikaa benchi nyuma ya Carson Palmer na Matt Leinart, wote washindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Na mwambie shemeji asikimbilie mechi mbili tatu. Nick Foles, kwotabeki wa akiba wa Philadelphia, alivyoingia baada ya Carson Wentz kuumia Desemba 2017, mechi ya Dallas alirusha 11 zikafika 4, yadi 39 tu, wakafungwa 6-0. Wiki chache mbele kawapiga Minnesota 38-7, kisha New England 41-33 kwenye Super Bowl, yaani fainali, na akawa mchezaji bora wa mechi. Sasa Foles yupi ndo wa kweli? Cassel alicheza msimu karibu wote, namba zake naziamini, za Foles mpaka leo nabishana na watu.