Barua kwa mwanangu: tumbo la kusubiri na tumbo la kukimbilia hospitali

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikaona haufai kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Unasema mwenzako wa kazini alianza kuumwa tumbo Jumatatu, akapimwa damu mtaani, akaambiwa ana taifodi, akameza vidonge hadi Alhamisi, kumbe ni kidole tumbo na kilikwisha kupasuka. Namshukuru Mungu amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri. Sasa unauliza mtu atajuaje tumbo la kusubiri na tumbo la kukimbilia hospitali.

Nimehudumu wodi ya upasuaji hadi kustaafu, na wengi niliowapokea wakiwa wamechelewa hawakuwa wazembe. Walikuwa wamekwisha kupewa jina la ugonjwa. Mtu akiambiwa "hivyo ni vidonda vya tumbo", "hilo ni chango", "hiyo ni taifodi", anatulia, anameza dawa, na ndani mambo yanaendelea kuharibika. Kwa hiyo usianze na jina. Angalia kwanza maumivu yameanzaje, yako wapi, yanahama au yametulia, na yamekuja pamoja na nini.

Kidole tumbo mara nyingi huanzia karibu na kitovu, maumivu yasiyoeleweka, mgonjwa akadhani amekula kitu kibaya. Hamu ya chakula inakatika, kichefuchefu kinaingia. Baada ya saa kadhaa, au kesho yake, maumivu yanahamia chini upande wa kulia, na hapo mgonjwa anaweza kukuonyesha mahali penyewe kwa kidole. Akikohoa anashtuka. Akipanda bodaboda kila tuta analisikia tumboni. Homa, kama ipo, hufuata nyuma na mwanzoni si kali. Taifodi kwa kawaida huanza na homa inayopanda siku hadi siku, kichwa na uchovu, tumbo likafuata. Na kile kipimo cha damu kiitwacho Widal wanachokifanya watu wengi huweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiyekuwa nayo. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, waone kama kuna bakteria wa taifodi wanaokua humo. Karatasi ya majibu haiwezi kuchukua nafasi ya mkono wa daktari juu ya tumbo la mgonjwa.

Kuna jambo linalowadanganya sana ndugu wa mgonjwa. Kidole tumbo kikipasuka, maumivu huweza kupungua ghafla, nyumba nzima ikashusha pumzi. Baadaye tumbo lote linauma, linakakamaa, homa inapanda. Ukishuku ugonjwa huu, usimpe mgonjwa dawa ya kuharisha wala kumpiga bomba la haja kubwa, na asile chochote mkiwa njiani. Watoto wadogo, wazee na wajawazito huweza kuugua bila kufuata mpangilio huu, hao usiwasubirie dalili zikamilike.

Nakuja kwako mwenyewe. Uliwahi kuniambia chembe ya moyo inakuwaka na kwamba ni "vidonda vya mawazo". Mwanangu, mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, lakini vidonda vingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu. Barry Marshall wa Australia alimnywa bakteria huyo mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba anaathiri tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wao. Bakteria hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, pamoja na antibiotiki, mara nyingi kwa siku 14, bila kukatisha ukipata nafuu. Ila zile diklofenaki unazomeza kwa ajili ya mgongo ndizo zinazonitia wasiwasi. Hizo na ibuprofeni huchubua ukuta wa tumbo, halafu mtu anameza tena kutuliza maumivu yaliyoletwa na zenyewe. Ziache, mwone daktari kuhusu mgongo huo. Ukipata choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usisubiri kupambazuke.

Baba yako, mwenye presha na sukari, akilalamika chembe ya moyo huku anatoka jasho au pumzi inambana, mimi sitampa dawa ya kiungulia. Huo unaweza kuwa moyo, na hospitali tutakwenda saa hiyo hiyo.

Halafu umekulia hapa kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria, umeoga na kuvua tangu mdogo. Tumbo linalouma kwa vipindi, choo chenye damu kidogo, uchovu usioisha: mwambie daktari umetoka Ukerewe, ili akupime kichocho. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wako. Kikiachwa miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha bandama.

Kwa mkeo nakuomba uwe macho zaidi. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akiumwa tumbo la chini, swali la kwanza ni siku zake, na kipimo cha mimba kifanyike hata kama mnaamini hana. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huweza kupasua mrija, damu ikavujia ndani bila kuonekana nje. Akisikia kizunguzungu, akazimia, au bega likauma bila sababu, tafuteni gari wakati huo huo. Habari ya chango tutaizungumza baada ya hayo kuangaliwa.

Kuvimbiwa, gesi, kukosa choo siku mbili, kuhara bila damu, hayo unaweza kuyaangalia nyumbani siku moja au mbili ukinywa maji na ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Lakini kuhara maji mengi mfululizo hakusubiri, kunaweza kuwa kipindupindu. Maumivu makali ya ghafla hayasubiri. Wala tumbo lililojaa huku unatapika na hupati choo wala hewa, wala ngiri iliyokwama ikagoma kurudi ndani, wala macho kuwa ya njano pamoja na homa. Na maumivu yoyote yanayozidi saa baada ya saa yapelekwe yakaangaliwe, hata kama hayana jina.

Mwenzako akiruhusiwa, mwambie amalize dawa na asibebe mizigo mizito mpaka daktari amruhusu. Kidonda kikitoa usaha, au homa ikirudi, arudi kwa waliompasua, si dukani. Msalimie sana, na mkeo pia. Niandikie ukishamwona daktari wa mgongo.

Mama yako