Taarifa si kibali: majibu kuhusu mikutano ya hadhara Nairobi

Tunataka kukutana bustani ya Jeevanjee Jumamosi kuhusu maji ya mtaa wetu. Kibali tunakiomba wapi? (Msomaji, Pangani)

Hakuna kibali. Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi nachoka, na kila mnapoliuliza mnawapa polisi mamlaka yaliyoondolewa na mageuzi ya 1997. Kabla ya hapo ulikuwa unaomba leseni. Sasa Sheria ya Utulivu wa Umma inakutaka utoe taarifa tu kwa mkuu wa kituo: jina lako kamili, anwani, mahali, tarehe na saa. Isipungue siku 3 kabla ya mkutano, isizidi 14. Kwa mkutano wa Jumamosi, ipelekeni Jumanne, msingoje Jumatano. Na barua isianze na "tunaomba ruhusa". Andikeni "tunawaarifu".

Wakikataa kuipokea? (Kayole)

Msiondoke. Niliwahi kuwasindikiza kina mama wauza mboga hadi kituo kimoja. Afisa wa zamu akaisukuma barua kando ya kikombe chake cha chai: mkubwa hayupo, njooni kesho. Kesho ni siku moja imekatwa kwenye zile tatu. Tukakaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri, nakala yetu ikapigwa muhuri. Bila muhuri huo mtaambiwa hamkuleta kitu.

Wanaweza kuwazuia kama kuna waliotangulia kutoa taarifa ya mahali na saa ileile. Hapo wawaambie mara moja, ili mchague siku nyingine.

Tunaweza kuendelea usiku? (Mwiki)

La. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Serikali ikipiga marufuku mikutano yote katikati ya jiji, si basi? (Lang'ata)

Si basi hata kidogo. Julai 2024 polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, na Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Hatari ya kuvunjika kwa amani lazima iwe dhahiri na ya karibu. Hofu ya afisa haitoshi. Waliokwenda uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi hawakuwa na Kifungu cha 37 cha Katiba mfukoni, kile kinachotoa haki ya kukutana na kuandamana. Matiba na Rubia, wanasiasa walioitisha mkutano huo, walikuwa wameshawekwa kizuizini. Ninyi kifungu hicho mnacho, na bado mnataka kukaa nyumbani kwa tangazo la redioni?

Tubebe rungu za kujilinda? (Huruma)

Hapana! Wala mawe. Kifungu hichohicho kinasema kwa amani na bila silaha. Mkimwona mtu na rungu mtoeni mapema, hata akidai ni mlinzi wenu, maana kwenye picha ataonekana mwenzenu.